Wasifu wa Luhaga Nkwabi, Aliyefika Bukoba kwa Pikipiki Ndogo

Nyanguge, Magu. Alhamisi, 30 Aprili 1998

Jina la Machibya halitoki. Shemeji Chenge amelikata mara mbili kwa kalamu yake nyekundu, na mara mbili nimemwambia Suzana alirudishe. Akilikata mara ya tatu nitamkata yeye. Panga liko uvunguni na halijapata kutu.

"Shemeji," anasema Chenge, "huu ni wasifu wa marehemu. Kesho mimi ndiye nitakayeusoma mbele ya katekista na watu wote hawa. Siwezi kumtaja mtu aliyemvunja marehemu taya."

"Utamtaja. Ni kaka yake."

"Desturi ya ukoo huu ulinifundisha wewe mwenyewe, mimi nikiwa sina meno ya mbele. Anayetajwa kwenye wafiwa ndiye anayetupa udongo. Aliyemwaga damu ya ndugu yake, na hawakupatana, hatajwi na hatupi. Sasa unataka desturi ivunjwe kwa sababu ni mwanao?"

"Wote wawili ni wanangu, Chenge. Tuandike habari yote kwanza. Jina tutaliamua mwisho."

Basi tumekubaliana hivyo. Kaburi litafungwa kesho saa nane mchana, na Machibya hajaonekana tangu Jumanne. Anayeandika ni Suzana, mke wake huyo Machibya, kwa kuwa yeye anapiga taipu ofisini huko Nyamagana, na mimi shule niliipita tu nikienda kuchota maji. Nimemwambia aandike kila neno, na ya Chenge ayaandike, asije akayakana.

Marehemu Luhaga Nkwabi alizaliwa Jumapili tarehe 9 Julai 1961 hapa Nyanguge, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Nkwabi na wangu mimi, Modesta binti Malimi. Alizaliwa shambani kwenye pamba. Kwa nini nilikuwa navuna siku ya Jumapili, katekista asiulize. Uchungu ulinishika saa ile ile swila aliposimama mbele yangu, kimo chake kama mlango wa kanisa. Nilimpiga jembe la kwanza, mtoto akasogea. La pili, kichwa cha nyoka kikaruka. La tatu, mtoto akalia. Chenge anasema alikuwa kenge. Chenge mwaka ule alikuwa Tabora. Mtoto alitoka ngumi zimekunjwa, na Machibya, aliyekuwa na miaka mitatu, alipoinama kumtazama mdogo wake alipigwa teke la jicho. Vita yao ilianza pale, na shahidi ni mimi.

Marehemu aliingia darasa la kwanza hapa kijijini Januari 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975. Alijua kusoma, na hesabu aliijua, lakini walichojifunza zaidi yeye na kaka yake ni kupigana. Walipigania ng'ombe wa mbele wa plau, walipigania nani alale ukutani, walipigania wali uliogandia sufuria. Siku moja mwalimu aliwafunga miguu, wa kulia wa huyu na wa kushoto wa yule, akawaambia waende hivyo mpaka nyumbani, watapatana njiani. Njiani walikutana na vijana watano wakubwa wa ng'ambo ya mto waliowacheka. Wakawapiga wote, wakiwa wamefungwa vile vile. Mmoja alivunjwa mkono, mwingine alikimbia akaacha kaptula. Walifika kwangu wameshikana mabega, damu imewachafua, wanacheka. Nilipokata kamba tu wakaanza kupigana wenyewe.

Mwaka 1978 marehemu alipata kazi katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huko Nyakato. Tarehe 3 Machi 1984 mashine ilimnyofoa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Aliviokota, akavifunga kwa pamba, akapanda basi kuniletea, kwa jinsi mimi ninavyosimulia watu mambo makubwa, alidhani na mimi sitaamini nikisimuliwa. Nilivizika nyuma ya jiko. Kesho anavifuata, hatua thelathini tu.

Kiwanda kilipopunguza watu mwaka 1993 alilipwa haki yake, akaenda mjini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na mitumba ya Japani ilikuwa imejaa kila duka. Akarudi na pikipiki ya cc mia na ishirini na tano, nyekundu na nyeupe, shokapu ndefu, madigadi yameinuliwa, imesimama kama korongo anayeogopa tope. Aliichagua kwa mkono ule mbovu. Klachi za pikipiki kubwa zilimshinda, lakini hii aliivuta kwa vidole viwili kama anayechuma mchicha. Akawa wakala wa wanunuzi binafsi wa pamba, akazunguka nayo vijiji vyote vya Magu ambako gari halifiki. Kule waliitambua kwa sauti, inakohoa kama mbuzi, na wenye pamba walikuwa wanatoka nje kabla hajafika.

Tarehe 14 Oktoba 1995 marehemu alifunga ndoa na Justa huko Biharamulo, kwao Justa. Ilikuwa ndoa njema yenye majeruhi watatu tu. Shemeji zake walizuia mlango wakitaka waongezewe heshima, Machibya akampiga mmoja kichwa cha pua, mwingine akamvunjia Machibya kiti mgongoni, na ngoma ikapasuka. Palipotulia, mama mkwe, Bernadeta, akaona usafiri wa bibi harusi. Akachukua mwiko wa pombe akamtandika mkwe wake mpaka mwiko ukabaki mpini.

"Mwanangu hapandi kitu chenye miguu ya korongo," alisema. "Siku mtakayoniona mimi juu ya hicho, mjue mnanipeleka kuzika."

Justa akapanda. Shela lilinasa kwenye spoku likachanika lote. Aliingia hapa siku ya pili yake, mwekundu kwa vumbi, anacheka, na tangu siku hiyo nikampenda.

Sasa ugomvi wenyewe. Machibya alikuwa dereva wa mradi wa maji. Mradi ulipofungwa mwaka 1996 alinunua mnadani pikipiki ya cc mia sita, tumbo lake kama ng'ombe mwenye mimba. Kila Jumapili baada ya misa wakawa wanakutana hapa uani.

"Hiyo yako ya kufuata maziwa," alisema Machibya. "Safari inataka pumzi, mdogo wangu. Weka mzigo, weka mtu, panda mlima nyuma ya lori, uone itakavyokufia."

"Yako ikianguka nani anainua?"

"Haianguki."

"Ikizama?"

"Haizami."

"Ikizima porini plagi yake utapata wapi? Yangu hata muuza dagaa ana plagi yake."

"Wewe ukienda nayo Bukoba utashuka huna makalio."

"Nitakuwa nimeshuka Bukoba. Makalio nitatafuta huko huko."

Hapo Machibya akarusha mchi, Luhaga akajibu kwa sufuria ya ugali wa moto. Nilipoteza sufuria mbili na jogoo aliyekuwa anapita tu. Nikawaambia: nendeni basi Bukoba, kwa barabara, kila mtu na chake, mtakaporudi mninyamazie.

Waliondoka Jumatatu tarehe 1 Desemba 1997, wakavuka kwa kivuko cha Kamanga, katika mvua zile zilizokuwa zinabomoa kila kitu. Mbele ya Geita walikuta mto umebeba daraja. Pikipiki ya marehemu wavuvi wawili waliinyanyua wakailaza kwenye mtumbwi. Kiboko akatoa kichwa akaitazama, akaona haina nyama, akazama. Ile kubwa ilipakiwa na watu wanane, mtumbwi ukazama nayo ukingoni, ikavutwa kwa kamba mpaka jua likageuka.

Siku ya pili, asubuhi, waliingia msitu wa Biharamulo. Machibya alikuwa mbele kwa kuwa alikuwa na mwendo. Kulikuwa na gogo limelazwa barabarani. Alishika breki, na kilo zile zote hazisimami kwenye mchanga uliolowa. Alianguka, pikipiki ikamlalia mguu, ekzosi ikawa inamuunguza shavu la mguu akiwa hai anasikia harufu yake mwenyewe. Wakatoka wanaume wenye mapanga, wakamkata kichwani na mkononi. Miaka yote nikisimulia nitasema walikuwa kumi na wawili. Hapa nasema wanne, kwa sababu huu ni wasifu.

Luhaga alikuwa nyuma. Angeweza kugeuza, pikipiki ile inageuka kwenye nafasi ya mkeka. Hakugeuza. Alikuwa amejivika mnyororo wa akiba kifuani, akauvua, akaingia katikati yao bila kupunguza mafuta. Wa kwanza alimgonga kwa tairi, akaenda kukaa kwenye miiba. Wa pili mnyororo ulimpasua uso, meno yakamwagika. Wa tatu alivunjwa kiwiko, panga likaanguka, na Luhaga akaliokota. Wa nne alimkata Luhaga bega mpaka mfupa ukaonekana, kisha akaona panga lililookotwa, akakumbuka ana kazi kwingine.

Pikipiki kubwa haikuinuka. Mtu mmoja mwenye vidole vinane na bega lililopasuka hawezi kuinua ng'ombe. Aliisogeza kwa tawi mpaka mguu wa kaka yake ukachomoka, akaiacha pale pale. Akampakia Machibya kwenye keria, akamfunga mgongoni kwake kwa mpira wa mizigo asidondoke, na ile pikipiki ya kufuata maziwa ikawabeba wote wawili, na damu yao yote, mpaka mlangoni kwa Bernadeta. Bernadeta akawaosha kwa maji ya chumvi. Anasema walilia sauti moja.

Jumatano marehemu aliamka, akamwacha kaka yake kitandani, akaenda Bukoba peke yake. Alikuwa amesema atafika. Ijumaa alirudi na kahawa za kutafuna alizonifungia kwenye jani la mgomba. Zimebaki sita, ziko kwenye pindo la kitenge changu, na anayesema hakufika Bukoba aje azihesabu.

Maana kuna aliyesema. Suzana, andika na hili. Machibya alirudi Mwanza na kovu lake, watu wakamuuliza pikipiki yake kubwa iko wapi. Aliona haya. Akasema mdogo wake alizimikiwa porini, cc mia na ishirini na tano haikuwa na pumzi, na yeye ndiye aliyerudi kumwokoa, akapoteza pikipiki yake kwa ajili hiyo. Na kahawa eti zimenunuliwa Mwanza.

Maneno hayo yalimfikia marehemu Jumamosi tarehe 17 Januari mwaka huu, siku ya soko, Magu mjini. Alimkuta kaka yake kwa wauza nyanya. Hawakutukanana hata kidogo, na waliokuwepo wanasema hilo ndilo lililowaogopesha. Walipigana kuanzia kwenye nyanya mpaka kwenye mchele, na kutoka kwenye mchele mpaka kwa fundi baiskeli. Hapo Machibya akaokota spana namba thelathini na mbili, akampiga nayo mdogo wake taya likaachia. Marehemu, kwa taya lililobaki, akamng'ata kaka yake nusu ya sikio akalitema kwenye mchanga. Alikunywa uji kwa mrija wiki sita. Wazee walikaa mara tatu kuwapatanisha. Machibya alitakiwa aseme neno moja tu, kwamba ile pikipiki ilifika. Mara zote tatu alitazama chini.

"Ndiyo ninachosema," anasema Chenge. "Neno moja lilimshinda."

"Sijamaliza, shemeji. Kaa."

Jumamosi tarehe 18 Aprili, saa tisa alasiri, marehemu alikuwa anatoka Magu mjini kuja nyumbani. Nitasema la kweli ingawa linaniuma, kwa kuwa aliyekuwa akilisema hayupo. Palikuwa na lori la mbao mlimani, linatambaa. Luhaga alitoka kulipita. Katikati ya mlima pikipiki ilimaliza pumzi, kama Machibya alivyosema kila Jumapili hapa uani. Ikawa haipandi mbele, hairudi nyuma, na juu ya mlima likatokea lori la pili. Ile kubwa ingemtoa pale. Ile ile kubwa ingemwacha msituni Biharamulo akiwa nyama. Nimeyageuza haya siku kumi na mbili na bado sijui niichukie ipi.

Alivunjika mbavu na nyonga, akalazwa hospitali mjini Mwanza. Siku zote tisa nilikaa chini ya kitanda chake. Maumivu yalimpiga kuliko alivyowahi kupigwa na mtu, naye aliyapiga, aling'ata shuka akaling'oa vipande. Siku ya tano aliniuliza, "Mama, kaka yuko wapi?" Nikamdanganya kwamba yuko njiani. Alifariki Jumatatu tarehe 27 Aprili 1998, saa tatu asubuhi. Pikipiki ilikuwa imepelekwa Nyakato kwa fundi Salehe, inyooshwe uma wa mbele. Jumanne ikaibiwa. Salehe anaapa kwamba alikwenda kuswali tu, aliporudi alikuta alama ya tairi. Mwizi wa kitu cha maiti naye ana mama yake mahali.

Tulimtuma mtu kumleta Bernadeta kutoka Biharamulo, akarudi kutoka Geita, mabasi hayapiti. Tukatangaza redioni. Kesho Justa atamzika mumewe bila mama yake, na hilo lisemwe pia.

"Sasa tufike kwenye jina," anasema Chenge. Amefungua kalamu nyekundu.

Ndiyo, tufike. Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Suzana anayeandika sasa hivi. Alhamisi ile, marehemu akiwa amebakiwa na damu ya kujaza kikombe, walitafuta ndugu wa kumtolea. Yangu ilikataliwa, wakasema mimi mwenyewe ninahitaji. Chenge, wewe ulisema una presha. Jioni yake muuguzi alikuja na chupa, akaitundika. Nikamuuliza ya nani. Akasema, "Mama, amekuja mtu mwenye nusu sikio. Amekataa kuandika jina. Ametoa, akasimama dirishani kidogo, akaondoka." Hiyo chupa ndiyo iliyompa mwanangu siku nne. Damu atakayozikwa nayo Luhaga kesho ni ya Machibya. Desturi inasema aliyemwaga damu ya ndugu yake. Haya, na aliyeirudisha?

Suzana ameinamia karatasi, na hapo wino ulipochafuka mnisamehe, ni yeye.

"Kwa nini ulilificha hilo, shemeji?"

"Nilitaka aje aseme mwenyewe."

"Hakuja. Damu ni damu, lakini hawakupatana. Marehemu alikufa bila kulisikia lile neno. Mimi silitaji."

"Basi andika wengine, Suzana."

Marehemu ameacha mama, mimi Modesta. Ameacha mjane, Justa. Ameacha watoto wawili, Revocatus wa miaka miwili, ambaye tayari anapiga wenzake, na Rose ambaye bado ananyonya. Ameacha baba mdogo, Chenge, na presha yake. Ameacha mama mkwe, Bernadeta. Na kaka yake mmoja,

Ngoja, Suzana. Nyamazeni nyote.

Mnasikia?

Kuna mbuzi anakohoa barabarani. Ndiyo ile. Wanawake jikoni wameacha kuimba, na Justa amesimama amejishika kichwa, maana sauti hiyo sisi sote tunajua ni ya nani, na mwenyewe tunamzika kesho. Chenge, usinishike mkono, wewe ni mwanamume. Imepita kwa jirani. Imeingia uani.

Ni nyekundu na nyeupe, uma wa mbele umepinda. Kwenye keria kuna Bernadeta, amefungwa kwa mpira wa mizigo kwenye mgongo wa dereva, tope mpaka kwenye nyusi, kuku kwapani.

"Nifungueni," anasema Bernadeta. "Niliapa kwamba mkiniona juu ya hiki mjue napelekwa kuzika. Haya, nimeletwa kuzika. Makalio yangu yanakuja nyuma na basi."

Dereva hajashuka. Amevua kofia, na lile sikio liko nusu. Hajanisalimia, hajamtazama mke wake. Anamtazama Chenge na kalamu yake.

"Shikamoo, baba mdogo," anasema Machibya. "Hii pikipiki inafika. Inafika Biharamulo na inarudi, na watu wawili, na kuku. Ilifika hata ile siku. Mimi nilikuwa kwenye keria."

Chenge anaitazama kalamu nyekundu. Anairudishia kifuniko.

Suzana, malizia mstari ule: Machibya Nkwabi. Andika na mwisho wake, kwamba Mungu amlaze Luhaga mahali pasipo mlima wala lori. Halafu acha kalamu, mwanangu, ukamshike mume wako, anaanguk—